Hema Lisilo na Wanaume

Ruiru,
9 Februari 2025

Kwa Baba Mkubwa Maluki,

Shikamoo, ingawa najua Ngoliba nzima ni wewe peke yako unayeidai.

Sisi huku tu wazima. Goti la Mama limepoa tangu aache kupiga magoti kanisani. Siku hizi anasali akiwa ameketi, na anasema Mungu hajalalamika. Baba anafuga kuku kwenye roshani ya ghorofa ya pili, na mwenye nyumba bado anaamini ile sauti ni simu ya mtu. Mdogo wangu Kamene ameanza chuo kule Juja na sasa anatukosoa sote.

Nakuandikia kwa sababu njia nyingine zote umezifunga. Ulijitoa katika kundi la ukoo siku binamu Kyengo alipotuma picha ya mbuzi anayecheza dansi katikati ya maombi, na simu yako, Mama Mkubwa Ndila ananiambia, inakaa kwenye kabati la vyombo. Basi barua hii ataileta Wambua, kwenye gari lake la mikate, pamoja na mkate mmoja.

Sasa neno lenyewe. Unajua niliajiriwa mwaka jana katika ofisi ya kampeni hapa Ruiru. Kazi yetu ni kuwashawishi watu wafanye jambo ambalo tayari wanajua wanapaswa kulifanya. Hospitali moja imesimamisha hema Witeithie, kando ya barabara kuu, ili kupima watu presha bure kila Jumamosi. Wanawake wanakuja. Watoto wanakuja kwa ajili ya biskuti. Wanaume waliozidi miaka arobaini, ambao ndio hema liliwekwa kwa ajili yao, hawaji. Jumamosi iliyopita walikuja wawili: mmoja ni baba yangu, aliyesikia habari za biskuti, na mwingine alikuwa akitafuta choo.

Bosi wangu, Becky, amenipa kazi ya kutafuta hadithi itakayowaleta. Nimempelekea tatu. Katika moja kulikuwa na moyo wenye miguu, unakimbia ukiwa umevaa tai. Becky aliinusa karatasi, akasema imeandikwa na mtu aliyeketi karibu mno na printa. Mwisho wa Juni hospitali itaamua kama hema linakunjwa. Likikunjwa, nami nakunjwa nalo. Hajasema hivyo, ila ananiangalia kama kiti cha kuazima.

Wewe ulikuwa ukinyamazisha darasa zima kwa hadithi baada ya chakula cha mchana, saa ambayo hata mwalimu mkuu husinzia. Ulikuwa ukizitoa wapi? Na wewe mwenyewe, Baba Mkubwa, umewahi kupimwa?

Wako,
Nduku


Ngoliba,
2 Machi 2025

Mwaitu Nduku,

Marahaba. Ofisini kwako wakishangaa kwa nini mzee kama mimi anakuita mwaitu, yaani mama, waambie umebeba jina la mama yangu mzazi. Mimi nilijaliwa wavulana watupu, jina likaenda kwa ndugu yangu, likakuangukia wewe. Kwa hiyo utaendelea kuwa mama yangu hata ukinikasirisha, jambo ambalo naye alilimudu vizuri.

Hapa tunaishi. Ndila yuko vitani: kwaya imegawanyika kati ya sare za zambarau na za kijani, na pande zote mbili zinadai Roho Mtakatifu ndiye aliyechagua rangi. Ng'ombe amezaa dume tena. Mkate ulifika ukiwa umekaliwa.

Nimesoma habari za moyo uliovaa tai. Becky ni mtu wa busara.

Unauliza nilikuwa nikizitoa wapi hadithi. Sikuzitoa popote, nilizisikia. Wewe unatafuta hadithi kama mtu anayemkimbiza kuku wa kuchinja: kadiri unavyokimbia ndivyo naye anavyokimbia. Kuku hukamatwa anapodhani una kazi nyingine. Nenda mahali ambapo wanaume huketi bila wake zao. Usibebe kalamu wala usiulize swali. Mtu akiulizwa hujibu kama aliye mbele ya askari. Akiachwa peke yake hulalamika, na katika malalamiko ukweli hutoka nje bila viatu.

Tena usianze na afya. Hakuna mtu aliyewahi kukesha akisikiliza habari za afya. Anza na mtu mwenye jina, aliyekataa jambo. Wanafunzi wangu walilala nilipoanza na hapo zamani za kale, waliamka nilipoanza na "Aketch alikataa kushuka mtini."

Krismasi uliondoka kabla ya chai, Ndila akabaki na keki nzima. Anauliza unakuja lini.

Kuhusu swali lako la mwisho, mvua bado haijanyesha.

Maluki


Ruiru,
30 Machi 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa kwa sababu Wambua aliisahau chini ya kreti, na ilipofika ilinukia hamira kiasi kwamba Kamene alitaka kuipaka siagi. Pole kwa dume. Mwambie Mama Mkubwa achague kijani. Zambarau huonyesha jasho. Kuhusu kuja, kazi ni nyingi.

Nilifanya ulivyosema. Ng'ambo ya barabara, mkabala na hema letu, kuna kibanda cha supu ya kichwa. Wanaume wote tunaowatafuta wamo humo, wanalitazama hema kama watu wanaotazama mvua kutoka dirishani. Niliketi nao Jumamosi baada ya Jumamosi, nikanywa supu mpaka Mama akasema nanuka beberu. Sikuuliza swali. Walilalamika kuhusu bei ya chuma, refa, na pasta aliyerefusha mahubiri. Halafu siku moja Zacharia, fundi wa kuchomelea milango, mwenye shingo nene kama gogo, alilielekezea kijiko hema letu akasema, "Presha ni kama mama mkwe. Ukiulizia tu habari zake, anakuja kukaa."

Kibanda kizima kilicheka. Mimi nilikimbia hadi ofisini. Becky alicheka akashika meza. Wiki hiyo hiyo tukapandisha ubao mkubwa Witeithie, wenye maandishi mekundu: PRESHA SI MAMA MKWE. IULIZIE HABARI.

Hapo ndipo nilipokosea, na usiniambie nilipaswa kujua, kwa maana nilijua. Huku kwetu mwanamume akikutana na mama mkwe wake njiani humpisha na kuangalia chini, nami nilimtundika hewani kando ya tangazo la chakula cha kuku. Kabla ya Ijumaa akina mama wa kanisa walifika ofisini, kila mmoja ameshaozesha, wakiongozwa na mmoja aliyebeba mwavuli bila jua wala mvua. Alimuuliza Becky kama ameolewa. Becky akasema bado. Yule mama akasema, "Basi ngoja," wakaondoka.

Ubao uliteremshwa. Jumamosi iliyofuata akina mama wakwe walijaa hemani kupimwa ili kuonyesha kwamba wao si presha, na sista, yule muuguzi wa hema, anasema nusu yao walikuwa nayo, huenda kwa hasira. Wanaume alikuja mmoja, yule wa choo. Sasa anaijua njia.

Becky hakunigombeza. Aliniuliza kama nimewahi kufikiria kazi ya ualimu.

Hukujibu swali langu. Mvua imenyesha huku.

Nduku


Ngoliba,
22 Aprili 2025

Mwaitu,

Marahaba, na heri ya Pasaka iliyopita. Kwaya imeafikiana kuhusu rangi ya kahawia, ambayo haikutakiwa na mtu yeyote. Nadhani ndiyo maana ya amani.

Habari za ubao wako zilitangulia barua yako. Ndila alizipata kanisani, naye ana wakwe wawili. Kwa siku kadhaa nilipewa chakula bila maneno. Kwa hiyo usiseme kampeni yako haikufika mbali.

Kosa lako halikuwa kicheko. Mtu akishacheka huona amekwisha kufanya jambo, akarudi kwenye supu yake.

Sina hadithi ya kukupa mwezi huu. Nina malalamiko tu, kuhusu malezi ya siku hizi. Unamkumbuka Muriithi, jirani yetu mwenye bucha, yule ambaye chifu alimwita kuhusu mpaka wa shamba naye akaenda siku aliyojisikia. Alioa amechelewa, na binti yake wa kwanza, Wamboi, hajang'oa hata jino. Jumapili ya Pasaka walikuja kula kwetu. Muriithi aliingia sebuleni na buti za bucha. Yule mtoto akanyoosha kidole akasema, "Muriithi, viatu." Hakusema Baba. Alisema Muriithi, kama mtu aliyemzaa.

Nilingoja paa liruke. Badala yake lile jitu liliinama na tumbo lake lote, likafungua kamba, likasema, "Ii maitu," yaani ndiyo mama, kwa Kikuyu chao, likatoa buti nje. Kisha akatumwa kunawa. Aliporudi, yule mtoto alimnusa mikono akamrudisha tena.

Nilimuuliza Muriithi kama haoni aibu. Akanijibu, "Mwalimu, mama yangu aliniacha nikiwa mdogo, sikupata kumaliza kumtii. Sasa amerudi. Nianze tena kubishana naye?"

Hiyo ndiyo nidhamu ya leo.

Nina bandeji ndogo kwenye paji la uso. Niliinuka haraka zizini na mlango ukanijia. Ni mlango mbovu.

Ndila anaahidi kwamba ukija, yule mwalimu wa kwaya aliyetaka akuchumbie Krismasi hataketishwa karibu nawe.

Maluki


Ruiru,
18 Mei 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Salamu ni fupi leo. Kuku wa Baba wamegunduliwa, na sote tunasaidia kuomba msamaha.

Soma tena barua yako ya Pasaka. Ulisema huna hadithi, kisha ukaniandikia hadithi.

Sikuiandika mahali popote. Nilimsimulia Becky kwa mdomo, kuanzia buti. Aliniambia kwamba baba yake humwita mama binti yake mkubwa, dada yake Becky, na kwamba dada huyo ndiye mtu pekee aliyeweza kumwachisha pombe, akiwa darasa la pili, kwa kukataa kumpa ruhusa ya kutoka. Halafu akasema tusichapishe kitu.

Kwa hiyo hakuna ubao, hakuna redio. Tuliwaendea walimu wa shule za Jumapili za Witeithie na Juja. Tuliomba wasichana waliobeba majina ya mama za baba zao wainue mikono, ikainuka mingi. Tuliwaambia jambo moja: mwambie mwanao aje hemani Jumamosi. Hatukuwafundisha maneno. Walikuwa nayo.

Wa kwanza alikuwa Zacharia. Binti yake Ciku, wa darasa la nne, alimvusha barabara akimshika kidole kimoja, na kibanda kizima cha supu kikageuza shingo. Aliketi pembeni mwa benchi kama mtu anayekaribia kuondoka.

"Zaka, toa koti," Ciku akasema.

"Maitu, kuna baridi."

"Nimesema koti."

Alitoa. Sista alimpima mkono mmoja, akapima wa pili, akamuuliza kama kweli amefika hapo kwa miguu yake mwenyewe. Walimpeleka hospitalini saa ile ile. Alipokuwa akipanda gari aliwageukia wenzake wa supu, nikadhani atawatania. Alisema tu, "Na nyinyi, mama zenu wako wapi?"

Tangu siku hiyo kuna foleni. Mabinti wanapanga foleni na watoto wao, wanawafunga vifungo, wanawaambia wasiongee. Hata mwenye kibanda alifunika sufuria akaja peke yake, akisema hana tena wa kumuuzia. Hospitali bado haijasema neno. Juni haijaisha.

Sasa ule mlango wa zizi. Baba anasema aliung'oa yeye mwenyewe mwaka juzi mlipotengeneza kitanda cha mbwa, na zizi lako lina pazia la gunia.

Kwa hiyo nakuandikia kama ninavyoitwa. Maluki. Jumamosi uje Witeithie.

Mama yako,
Nduku


Ngoliba,
8 Juni 2025

Kwa Nduku binti Nzioki,

Tu wazima. Sote. Pazia la gunia lina ubavu mgumu kuliko watu wanavyodhani.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya Ndila kabla ya kujua inakoelekea, nalo lilikuwa kosa.

Mama yangu hakujua kuandika, kwa hiyo hakuwahi kunitumia amri kwa gari la mikate. Alipotaka jambo alikuja. Niliposoma chuo cha ualimu alisikia kwamba navuta sigara. Alipanda lori la mchanga kutoka Kithimani, akanikuta uwanjani, akaitoa sigara mdomoni mwangu mbele ya wenzangu, akaizima kwa kisigino, akageuka akarudi kwenye lori bila kunywa hata maji. Huyo ndiye mama.

Wewe uko Ruiru, karibu kiasi kwamba mkate hufika hapa ukiwa na joto, na tangu Krismasi hujakanyaga kwangu kwa kumwogopa mwalimu wa kwaya mwenye kikohozi. Mtu anayekimbia chakula cha mchana asinifundishe ujasiri.

Sitakuja Witeithie.

Maluki


Ruiru,
29 Juni 2025

Mwanangu Maluki,

Baada ya kukurudisha kutoka hemani nimefika salama jana, na keki pia. Mama Mkubwa ameitoa simu kabatini. Asubuhi alinipigia kuniambia kwamba umemeza.

Hospitali imeamua. Hema linabaki mpaka mwisho wa mwaka, na la pili litasimamishwa Thika, karibu na Eneo la Viwanda, ambako hutoka walinzi wa zamu walioanza kuletwa Witeithie na mabinti zao. Becky amenipa mkataba. Alinikabidhi akinung'unika kwamba hadithi bora aliyowahi kuisimamia haina hata karatasi moja ya kumwonyesha mteja.

Ndiyo sababu anakutaka wewe. Anataka utokee kwenye filamu fupi ya kampeni. Nilimwambia utakataa, akasema mtu anayekataa ndiye hasa anayemtafuta. Nahofia atatuma watu wa kamera.

Sista ameniomba nisikwambie alichoniambia nje ya hema. Sikwambii. Meza dawa.

Mama yako,
Nduku


Ngoliba,
13 Julai 2025

Mwaitu,

Marahaba, maana nasikia siku hizi huamkii tena. Ndila hajambo. Ameondoa chumvi katika nyumba hii kwa furaha ambayo siielewi, na supu yetu sasa ina ladha ya mvua. Muriithi alikuja kunicheka, Wamboi akamwambia aketi, akaketi.

Nakuandikia mambo ya siku ile, ingawa ulikuwapo, kwa sababu ulikuwa na hasira na huenda hukuona vizuri. Nilikuwa nimeketi juu ya ndoo zizini. Sikuwa nakamua, nilikuwa nimeketi tu, kwa sababu dunia ilikuwa inazunguka na ndoo ndiyo iliyokuwa karibu. Ulifunua gunia. Hukunisalimu. Ulisema, "Maluki, vaa shati." Nilikuwa nimetayarisha hotuba ya kukukatalia tangu tarehe nane, hotuba nzuri, Ndila ameisikia. Nilipofungua mdomo niliona mikono yangu tayari inafunga vifungo.

Hukunywa hata maji. Hilo niliona.

Pale hemani muuguzi aliniuliza ni nani aliyenileta. Nikasema mama. Alikutazama, akanitazama, akaandika. Sijui aliandika nini, nawe huniambii, na mimi sikuulizi. Nameza.

Watu wa Becky walikuja juzi, vijana wawili wenye kamera na mwavuli mweupe, na mvua haikuwapo. Waliniweka mbele ya ng'ombe. Wakaniomba niseme kutoka moyoni, nitazame kioo, na machozi yakija nisiyazuie. Niliwaeleza kwamba wamekosea mtu. Hadithi hiyo si yangu. Mwenye haki ya kuisimulia ni mama yangu, waende wakamwombe.

Walishusha kamera. Mmoja akavua kofia, akasema kwa upole sana, "Pole, Mwalimu. Alifariki lini?"

Nikamwambia hajafariki. Yuko Ruiru, ana miaka ishirini na saba, na Jumapili anakuja kula.

Mwanao,
Maluki